Dakika Mbili za Mheshimiwa

Kazi yangu ni kuwasafisha wazee, na nianze kwa kusema kwamba uchafu wa mwili haujawahi kunitia kinyaa. Miaka kumi na moja nimebadilisha nepi za watu wazima katika nyumba ya wazee pale Longbridge, mjini Birmingham, Uingereza. Nimeokota meno ya bandia kwenye supu, nimetapikiwa Krismasi mbili mfululizo, na jioni nimerudi kwangu Kings Heath nikala wali kwa mkono bila kuwaza chochote. Kanisani wakiniuliza nawezaje, huwaambia mavi ni mavi, yanaoshwa kwa maji ya vuguvugu na glavu mkononi. Kinyaa ninachotaka kukieleza hapa ni kingine. Kilinishika Jumamosi moja mchana, nimevaa gauni langu zuri, nimesimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi, nikiifurahia sauti yangu mwenyewe. Hakijanitoka hadi leo.

Kwanza nimweleze mzee mwenyewe. Alikuwa Mmarekani, umri wake themanini na kitu, na alikuwa amekaa katika seneti ya jimbo lake miaka thelathini na sita. Nasema jimbo, na msomaji alishike neno hilo, maana mimi nililimeza wakati wa kulisema. Kule kwao kila jimbo lina bunge lake, na bunge hilo lina maseneta wake, ambao ukivuka mpaka kuingia jimbo la pili hakuna anayewajua. Hakuwa mtu wa Washington. Binti yake aliolewa na Mwingereza akawa anafundisha chuo kikuu hapa Birmingham, na mzee alipofiwa na mkewe na kuanguka bafuni mara mbili, binti akamleta, akamweka kwetu, chumba cha ghorofa ya chini kinachotazama maegesho ya supamaketi.

Nyumba yetu imejengwa palipokuwa na kiwanda cha magari, na wazee wengi tulio nao walifanya kazi humo. Walikuwa hawababaishwi na seneta. Mmoja wao, aliyefungia magari milango kiwandani ujana wake wote, alimsikiliza wiki nzima, kisha akamwambia, “Miaka thelathini na sita? Mimi nilifunga milango miaka thelathini na minane, hapa hapa kiti hiki kilipo, na jioni ukitoka milango unaiona.” Seneta hakusikia. Alikuwa na desturi ya kuzima kifaa chake cha masikio mwenzake akianza kuzungumza.

Jina la Mheshimiwa alipewa na rafiki yangu. Huyo tulitoka naye Taita, tukafanya kazi zamu moja, na yeye aliishi Newtown, ghorofa ya tisa, na binti yake wa pekee aliyezaliwa hapa. Rafiki yangu alikuwa na mdomo. Akimvua mzee soksi husema, “Mheshimiwa, inua mguu. Mheshimiwa, geuka, hapa nyuma panahitaji kamati nzima.” Mzee akauliza neno lile maana yake nini. Akaambiwa ni mtu anayeheshimiwa, kule kwetu ndivyo tunavyowaita wabunge, hata wezi. Nusu ya pili ya maelezo hayo hakuitaka. Tangu siku hiyo ukimwita kwa jina lake hageuki.

Maisha yake nimeyajua yakiwa yamelowa, maana aliyasimulia zaidi akiwa kwenye kiti cha kuogea. Baba yake alikuwa na duka la mbegu katika mji mdogo. Alichaguliwa akiwa hajatimiza miaka thelathini kwa sababu, alisema mwenyewe, alijua jina la kila mbwa wa kila mkulima. Akachaguliwa tena, na tena. Magavana walikuja wakaondoka, yeye yupo. Kuna daraja lina jina lake, na chini ya daraja hilo, alisema, mto ulikauka zamani. Nilimpenda kwa hilo. Nikisema nilimchukia tangu mwanzo nitakuwa mwongo, na uongo nilishausema wa kutosha.

Hadithi yake kubwa ilikuwa moja. Katika bunge lao, seneta akishasimama na kupewa nafasi ya kuzungumza, hakuna wa kumkalisha mpaka akae mwenyewe. Na siku ya mwisho ya kikao, ikifika saa kumi na mbili jioni, kila muswada ambao haujapigiwa kura umekufa. Mwaka mmoja ulikuwapo muswada asioutaka, na kura alikuwa amezihesabu, angeshindwa. Basi akasimama saa saba mchana akaanza kusema. Akamzungumzia mama yake. Akasoma orodha ya mbegu za dukani kwao, maharage kwa maharage, na namna ya kuyapanda. Wenzake walipiga meza, walizomea, mmoja alilia. Saa kumi na mbili ilipogonga, akakaa, akaomba maji.

“Watu husema niliuua ule muswada,” alituambia, akipigapiga maji kwa kiganja. “Sikuugusa hata kwa kidole. Muda uliisha.”

Na siri yake ilikuwa pumzi. Mtu akipumua mwisho wa sentensi, alisema, hapo ndipo wanapomnyang’anya. Pumua katikati, sentensi ikiwa bado inaning’inia, hakuna mwenye adabu atakayekukata. Nilicheka mpaka nikamwaga shampuu. Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anamsugua visigino, akauliza, “Na huo muswada ulikuwa wa nini, Mheshimiwa?” Mzee akasema maji yamepoa, anataka taulo. Mimi nikaenda kuleta taulo.

Rafiki yangu alikufa asubuhi moja kituo cha basi, akitoka zamu mbili alizofanya mfululizo kwa sababu hatukuwa na mtu wa kumpokea. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwili ulikuwa urudishwe Taita kwa mama yake. Binti hakuweza kusafiri nao. Ingawa amezaliwa hapa, karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinangojewa, na akitoka asingeweza kurudi. Sote tulilijua hilo, nasisitiza, sote, hadi wapishi wa chai. Maana yake ni kwamba ibada ya kumuaga pale Newtown ndiyo ingekuwa maziko yake. Kule nyumbani bibi yake angeitazama kwenye simu ya jirani, na hapa mtoto angesimama mbele ya jeneza aseme neno.

Akataka aseme kwa Kiswahili. Hili lilinishtua. Msichana wa miaka kumi na sita, Kiswahili anakielewa chote, hata umbeya wetu wa jikoni, lakini hajawahi kutoa jibu ila kwa Kiingereza. Bibi yake hajui Kiingereza. Kila Jumapili walikuwa wakizungumza hivyo kwenye simu, bibi anauliza, mtoto anajibu, na rafiki yangu katikati anaufikisha ujumbe. Mtoto alinijia kwa sababu nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, miaka tisa darasani kabla ya kuja huku kushika beseni.

“Auntie, can you just help me write it? Then I’ll learn it.”

“Sikuandikii,” nikamwambia. “Sema wewe, mimi nitanyoosha.”

Tulikaa Jumapili mbili kwenye kochi la mama yake. Aliyatoa maneno moja moja, akiyatazama kwanza. Nimeyaweka hapa kama alivyoyasema, baada ya mimi kunyoosha mawili matatu: “Nyanya, shikamoo. Mimi ndiye mtoto wa mwanao. Kila ulichoniambia kwenye simu nilikielewa. Nilijibu kwa Kiingereza kwa sababu niliogopa utanicheka. Mama alinikasirikia kwa hilo. Sasa Mama hayupo wa kukaa katikati yetu, kwa hiyo nitajaribu mwenyewe. Nikikosea, cheka.”

Yalifuata machache juu ya mama yake, yale nayaacha. Yote yalijaa upande mmoja wa karatasi. Alikuwa akifika kwenye “nilikielewa” ulimi unakwama, nami, Mungu anisamehe, nilimrudisha mwanzo kila mara, na kalamu nyekundu mkononi. Ualimu haufi.

“She’s gonna laugh at me,” akasema.

“Acheke. Kicheko cha bibi hakijaua mtu.”

Wiki hiyo hiyo mzee akatangaza kwamba atahudhuria maziko. Alilia, na yalikuwa machozi ya kweli, siwezi kuyakana. Rafiki yangu ndiye aliyemwosha kwa miaka minne. Binti wa mzee akakubali, meneja akakubali mradi mimi ndiye nisukume kiti chake. Na hapo ndipo nilipofanya la kwangu. Nilimpigia mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, aliyekuwa ndiye mwendesha ibada, nikamwambia nafasi ya kiti cha magurudumu iwekwe, tunakuja na seneta wa Marekani. Neno “jimbo” lilifika kooni. Nikalimeza. Nilisikia pumzi ya mwenyekiti ikibadilika kwenye simu, na nikaipenda.

“Seneta? Wa Marekani kabisa? Sister, na hukutuambia mapema! Lazima tumtambue.”

Nyumbani jambo hili tunalijua na tunalilaani. Mwanasiasa anafika msibani kachelewa, anasogezewa kiti, anapewa kipaza sauti, na maiti anageuka kisingizio cha yeye kusema. Watu wanamsengenya wakirudi, na msiba ujao wanamsogezea kiti tena. Basi sisi tulipanda ndege tukaliacha, tukafika Newtown tukajifunza kupanga foleni, na siku tulipopata mheshimiwa mmoja mkongwe aliyestaafu, wa kuazima, tulimtengenezea meza kuu kwa mikono yetu. Nilipoingia na kiti ukumbini nilikuta kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa mbili za maji. Jeneza lilikuwa limesogezwa kidogo upande ili meza ienee. Niliona lilivyosogezwa. Nikasukuma kiti hadi mezani.

Ratiba ilikuwa imechapishwa vizuri, na picha ya rafiki yangu akicheka. Neno la binti lilikuwa la mwisho, kabla ya sala ya kufunga. Msimamizi wa maziko, Mwingereza mrefu aliyevaa koti jeusi la kufika magotini, alikuwa ametuambia mara tatu, kwa upole, kwamba gari litaondoka saa saba kamili, kwa sababu uwanja wa ndege hawangoji mzigo. Ndiyo, mzigo. Nasi tulianza tukiwa tumechelewa nusu saa, kwaya ikarudia beti, kila kikundi kikataka kusimama kitambulike. Hata hivyo ilipofika saa sita na dakika kumi tulikuwa bado na wakati mwingi. Mtoto alikuwa kiti cha mbele, karatasi ameikunja mara nne, midomo inacheza kimya.

Mwenyekiti akasimama. “Ndugu zangu, kabla ya neno la binti yetu, itifaki ni itifaki. Tuko na mheshimiwa. Seneta from America, watu wangu! Atatusalimia, dakika mbili tu.” Makofi. Kisha akanigeukia. “Na Mwalimu atafasiri, ndiyo Mama kule Taita asikie.”

Ukumbi mzima ulijua Kiingereza. Bibi peke yake ndiye hakukijua, na bibi hakuwa ameazima simu ya jirani ili amsikie Mmarekani. Ningeweza kusema hivyo. Nilisimama nikapewa kipaza sauti cha pili, na nilikuwa nimeshaanza kujiweka sawa kola.

Alianza vizuri. Alisema marehemu alikuwa na mikono ya joto. Nikafasiri, watu wakasema “eeh.” Akasema hakuna aliyemwita jina la heshima kama yeye. Nikafasiri, wakacheka kwa huzuni, kile kicheko kizuri cha msibani. Angekaa hapo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini akasema kwamba jina hilo la heshima alilipata kwa jasho, na akaingia kwenye duka la mbegu la baba yake.

Alitupeleka kwenye uchaguzi wa kwanza. Akatupeleka kwenye wa pili. Akatupitisha kamati ya barabara, kamati ya matumizi, daraja, mto. Alisema, nami nikasema. Na hapa ndipo kinyaa changu kilipo, nataka kieleweke. Sikuwa nimechoka, sikuwa nalazimishwa. Nilikuwa nafurahi. Miaka kumi na moja ya “geuka mpenzi, meza kidonge mpenzi,” na sasa kinywani mwangu mlikuwa na muswada, spika, kiranja wa walio wengi, hoja ya kuahirisha kikao. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamekaa mahali pake. Nilimwona mama mmoja safu ya tatu akimnong’onezea mwenzake, akinionyesha kwa kidevu, na nilijua anasema, huyu kumbe Kiswahili anacho. Nikanyoosha mgongo.

Mara moja macho yangu yalimpitia mtoto. Alikuwa ameacha kuchezesha midomo. Niliyaondoa macho.

Kisha mzee akafika kwenye hadithi yake. Nilifurahi ilipoanza, maana niliijua, na ningeifasiri vizuri. Saa saba mchana, orodha ya mbegu, maharage, wenzake wakipiga meza. Ukumbi ulikuwa unacheka kwa sauti. Na kwa kuwa alikuwa mwanasiasa hodari na anataka hadithi iwaguse waliopo, aliongeza kitu ambacho bafuni hakuwahi kukisema.

“Na ulikuwa unawahusu watu kama nyinyi,” akasema.

“Na muswada wenyewe uliwahusu watu kama sisi,” nikafasiri, nikitabasamu.

“Walitaka sheria ya kusema kila nyumba ya wazee iwe na wafanyakazi kadhaa kila zamu, hakuna kufanya zamu mbili, hakuna mmoja kuinua mtu peke yake. Wenye nyumba hizo walikuwa marafiki zangu. Wangefunga!”

Nilifasiri yote. Mfasiri mwenye kazi yake anajua, maneno hutoka mdomoni kabla hayajafika kichwani. Niliyatoa yakiwa safi, na lile la mwisho, “Sikuugusa, muda uliisha,” nililipa sauti yake hasa, hata kiganja nilikipiga hewani kama yeye. Ukumbi ukaanguka kicheko. Nusu yao ni watunza wazee. Tulikuwa tunacheka wote, hatua tatu kutoka kwa mwenzetu aliyefia kituo cha basi akitoka zamu mbili.

Kisha yakafika kichwani. Nilijua hapo hapo rafiki yangu alikuwa ameuliza nini siku ile akiwa amepiga magoti, na kwa nini mimi nilikwenda kuleta taulo. Niseme basi kwamba nilikiweka chini kipaza sauti? Nilitamani kuandika hivyo. Mzee aliendelea, nami niliendelea. Watu walikuwa wanatazama.

Msimamizi wa maziko alikuja kwa kunyata, akamwinamia mwenyekiti, akamwonyesha saa. Mwenyekiti akainuka nusu, mdomo wazi, akingoja mahali pa kuingilia. Hapakuwapo. Mzee alikuwa akipumua katikati ya sentensi kama desturi yake, na pale mwisho wa sentensi, aliponyamaza kuningoja, palipokuwa na mwanya mzuri ambao mtoto mdogo angeweza kupita, nilikuwa nauziba mimi. Kila mwanya. Mwenyekiti aliinuka mara tatu na mara tatu nilimkalisha kwa Kiswahili sanifu.

Alipomaliza ilibaki dakika nne. Makofi yakala mbili. Mchungaji akafupisha sala ikawa sentensi moja, na wanaume sita wa koti jeusi wakaja mbele, wakainama, wakahesabu kwa kunong’ona, wakainua. Mtoto alikuwa amesimama. Karatasi ilikuwa imeshafunguliwa mkononi mwake.

“Pole sana, binti yetu,” mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti. “Wakati si wetu. Maneno yako mazuri utayasema siku nyingine, ama?”

Siku ipi? Jeneza lilimpita kiunoni. Hakulia. Alilifuata mpaka mlangoni kama wageni wengine, na kwenye simu iliyosimamishwa juu ya kinanda sura ya bibi yake ilikuwa bado ipo, ndogo, imesogea karibu mno na kamera, ikingoja.

Ndani foleni ilikuwa imeshapangwa ya kupiga picha na Mheshimiwa. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza, ameweka mkono begani kwa mzee, chupa za maji zimesogezwa zionekane. Niliinama nikafunga breki ya kiti ili asiteleze, na wapiga picha wakaniomba nipishe kidogo.

Mtoto nilimkuta kwenye maegesho, gari la maziko limeshaondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijayatoa alinipa karatasi.

“You keep it, Auntie. You say it better.”

Hakuwa ananikejeli. Ningeweza kustahimili kejeli.

Kwenye teksi mzee alikuwa amechangamka, mashavu yamepata rangi ambayo sijaiona tangu aje kwetu. Makombo ya keki yalikuwa kifuani kwake na nikayapangusa, mkono unafanya kazi yake wenyewe. Akauliza alizungumza muda gani.

“Dakika arobaini na nne,” nikasema. Nilitaka zimuume.

Akafikiri kidogo, akacheka kwa kuridhika. “Pamoja na wewe. Basi zangu ni ishirini na mbili tu. Zilizobaki ni zako.”

Nilimtazama kwa chuki niliyokuwa nayo yote, kile kichwa chenye madoa, lile jino la bandia lenye keki. Nikazitafuta hesabu zake zilipokosea. Hazikukosea. Miaka thelathini na sita mtu hawi bungeni bure. Nilimfikisha, nikamvua viatu, nikampa dawa zake za jioni kwa maji, akasema asante. Nilikwenda choo cha wafanyakazi nikatapika, nikiwa bado na gauni langu zuri.

Bado namwosha. Anakula vizuri, analala vizuri. Siku moja alimuulizia rafiki yangu kana kwamba yuko likizo, nikamkumbusha, akalia tena machozi ya kweli, kisha akauliza kama picha zile zimefika.

Mtoto anaishi nami sasa, chumba kidogo cha nyuma pale Kings Heath. Ni mtoto mzuri, anaosha vyombo bila kuambiwa. Jikoni nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, haraka, kwa adabu. Jumapili hazungumzi tena na bibi, husema ana homework. Karatasi ninayo kwenye mkoba wangu, nimeichanganya na risiti na tembe za kichwa, na kila ninapotafuta funguo naigusa.

Jumapili iliyopita bibi alinipigia mimi. Nilikuwa napiga pasi, nikaweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa. Mtoto alikuwa kwenye kochi amejikunyata na simu yake.

“Mwanangu,” akasema Mama, “sijakushukuru. Yule mzungu ulimfasiri vizuri sana. Nilisikia kila neno, hata jirani alisikia, na yale ya maharage tuliyacheka. Mungu akuweke.”

“Asante, Mama.”

“Lakini nikuulize jambo, usinifiche. Mjukuu wangu nilimwona amesimama na karatasi. Alikuwa na neno kwangu, au ilikuwa ni kusimama tu?”

Mtoto aliinua kichwa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtu yeyote anayeongea Kiswahili mbele yake, akielewa kila kitu, akingoja. Mkoba ulikuwa kwenye kiti kati yetu, mkono wangu ungeufikia. Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile nzuri, ya ukumbini.

“Muda uliisha, Mama.”



“Haya,” bibi akasema. “Kama ni muda, basi hakuna wa kulaumiwa.”